Jirani Aliyefuga Bahari

Kanisani, tulipofika kwenye Baba Yetu, mama jirani yangu alisali kwa sauti nzito iliyowatangulia wengine, mpaka kwenye mstari wa kuwasamehe waliotukosea. Hapo alifunga mdomo. Hakunong'ona, hakuinamisha kichwa, hakukohoa kama watu wanaotaka kuficha jambo. Alinyamaza tu, macho mbele, akatuacha sisi wengine tupite, kisha akaingia tena pamoja nasi kwenye "usitutie katika kishawishi" kwa sauti ile ile. Padri mmoja kijana alimwita sakristia kumuuliza kulikoni.

"Padiri," akamjibu, "miye hapana mutu wa kudanganya Mungu. Siku nitaamini ile neno, nitaisema."

Padri hakumwita tena.

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu ilikaa barazani, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya ua wa mianzi, hapa Kimemi, mtaa wa mji wa Butembo, kwa hiyo kila aliyeingia kwake nilimwona na kila kilichotoka kwake nilikijua. Naandika habari zake kwa sababu watu wameanza kumsimulia kama mtakatifu, wengine hata wanataka picha yake. Hakuwa mtakatifu. Alikuwa mtu wa kulipiza, na mimi nilimpenda kwa hilo.

Kinyongo chake hakikuwa na haraka. Mama mmoja wa Musienene aliwahi kumuuzia maharagi yaliyochanganywa na vijiwe vya rangi ile ile, na jino la jirani likavunjika. Mwingine angeenda sokoni kutukanana mpaka watu wajae. Yeye aliviokota vijiwe, akaviosha, akavitia kwenye kopo la maziwa na kuliweka juu ya kabati. Mvua za mwaka uliofuata zilimkuta yule mama njiani, akakimbilia kwa jirani kujikinga. Jirani alimpokea vizuri sana. Alimpa kitambaa cha kujikaushia, akamsogezea kiti karibu na moto, akampikia obundu, ugali wetu wa muhogo, moto moto na maharagi. Yule mama alipiga tonge la kwanza, akashika shavu.

"Kula tu, mama," jirani akamwambia. "Ni vitu yako. Nilikuwa nakuwekea."

Kisha akamkopesha mwamvuli wa kurudia nyumbani. Mwamvuli haukurudi, na hakuwahi kuudai. Ndivyo alivyokuwa. Watu waliokimbia vita toka pande za Lubero walilala kwenye korido yake wakisongamana, akawapikia bila kuuliza mtu anasali wapi, na nguo za marehemu mama yake alizigawa zote. Kupoteza kitu hakukumuuma. Kilichomuuma ni kufanywa mjinga.

Sasa niseme kuhusu bahari.

Bwana yake, mumewe wa ndoa, alikuwa mfanyabiashara mwenye lori moja, mtu wa kucheka, tumbo mbele, miwani imefungwa uzi shingoni. Alipeleka kahawa Mombasa kupitia Kasindi na Kampala, akarudi na vitambaa, vyombo na vipuri. Yeye jirani hakusafiri kamwe. Gari likitembea kidogo tu alitapika mpaka nyongo, hata kwenda Beni ilikuwa adhabu. Basi bwana yake alikuwa akirudi anamsimulia bahari, na yeye anamwambia asimdanganye, hakuna maji yasiyokuwa na ng'ambo. Siku moja lori likashusha kioo kikubwa, tangi la kufugia samaki, urefu wake kama kitanda cha mtoto, kikafuatiwa na majerikani ya maji ya bahari.

Pale Kasindi, mpakani, watu wa duane, yaani forodha, walikuwa wamezuia majerikani hayo, wakisema ni pombe ya magendo. Mmoja wao alijimiminia kikombe kizima akameza kabla ya kuambiwa. Bwana yake alituigizia ile sura tukacheka mpaka mbavu zikauma.

"Anitemea mayi yote ku chemise, ku shati yangu," alisema, "halafu ananiuliza: Butembo chumvi iliisha? Nikamwambia, bibi yangu anakatalaka kupanda gari. Donc bahari njo imepanda."

Ndani ya kioo walikaa samaki wachache wenye mistari, na mchangani, kwenye kona, kulichomoza mrija wa kahawia uliofanana na soksi kuukuu. Ndani ya ile soksi aliishi mnyama. Akitulia, alitoa mikono myembamba mingi, ya zambarau kwa nje na myeupe katikati, ikapepea taratibu majini. Bwana alimwita kwa Kifaransa, anémone. Sisi tulisema ua, ingawa ua halili nyama ya samaki. Hakuwa na macho wala uso. Akishtuka alizama wote ndani ya mrija kufumba na kufumbua, mdomo wa mrija ukajifumba, ukabaki kutazama soksi.

Bwana yake alikuwa amemchagua huyo kwa makusudi. Wengi wa aina hiyo, alieleza, wanataka jua au taa kali mchana kutwa, na sisi hapa umeme hatukuwa nao, tulikuwa na jenereta tu, ile tunayoiita groupe, saa chache kwa siku. Huyu alipenda giza giza. Wakamweka chumba cha nyuma, dirisha limezibwa kwa kitenge cha zamani, mwanga ukaingia kidogo wa rangi ya chai. Chumba kilikuwa baridi na kilinuka chumvi. Mimi ambaye sijafika baharini hata leo, nikisikia mtu anataja bahari, ni kile chumba ninachokiona.

Wageni walikuja toka mitaa yote kutazama. Wakikuta soksi imefumba walinung'unika, mwingine akagonga kioo kwa kucha. Jirani alimshika mkono na kumwambia maneno aliyowaambia wote, kwa upole ambao hakuwa nao mahali pengine.

"Hapana kugusa. Ngojea tu. Itafunguka."

Wasio na subira waliondoka na hasira. Mimi nilikuwa naingia na vifungo vya mashati, nikashona kwa mkono huku nangoja, na mara nyingi alifunguka.

Kulea kile kitu kulikuwa na sheria zake. Kipande kidogo cha samaki ngege wa ziwani kilichomekwa kwenye ncha ya mwanzi na kusogezwa polepole mpaka mkono mmoja wa mnyama ukikamate wenyewe. Maji yakipungua hawakuongeza maji ya chumvi. Waliongeza ya mvua, maana maji ndiyo yanayopanda hewani, chumvi inabaki chini, na ukiongeza chumvi juu ya chumvi unawachinja. Jirani alipima kwa kichupa cha dawa ya sindano alichokitia mchanga kidogo na kukichora mstari wa rangi ya kucha. Kichupa kikielea mpaka kwenye mstari, maji ni mazuri. Na mafuta ya groupe yalipokosekana sokoni kwa sababu ya vita, alikaa kwenye kigoda na jagi, akichota na kumimina toka juu, akichota na kumimina, ili maji yapate hewa. Mkono ukichoka alibadili mkono. Nilimwambia anajitesa kwa ajili ya soksi. Akasema bwana yake ndiye aliyeileta, basi.

Miaka ile Butembo na Beni zilikuwa na wakubwa wengi, kila mmoja na askari wake, leo huyu kesho yule, na wote walikuwa wametuletea ukombozi. Aliyekuwa Beni wakati huo tulimwita Komanda. Hakuwa mtu wa kelele. Aliongea chini chini, viatu vinang'aa, mikono laini ya mtu asiyebeba kitu. Mimi mashati yangu alinichukulia, ya wateja, gunia zima, nikamwona askari wake mmoja Jumapili amevaa la mwalimu wa shule yetu. Lakini hayo ni mashati.

Bwana wa jirani alikuwa anarudi toka Kasindi na mzigo. Pale Beni akaitwa kwa Komanda, akaingia, lori likabaki nje. Siku chache baadaye lori lilifika Butembo likiendeshwa na mtu mwenye sare, limejaa mbao za Komanda. Jirani alilisikia toka mbali, alijua mlio wake, akatoka mbio na unga mikononi. Kwenye kioo cha dereva ilikuwa inaning'inia miwani yenye uzi.

Alipanda gari kwa hiari yake, akatapika njia nzima, akafika mbele ya Komanda.

"Bwana yako alivuka Ouganda, mama," akaambiwa. "Banaume banaendaka. Rudi nyumbani."

"Alivuka bila lunettes, bila miwani yake?" akauliza.

Komanda akaita mtu amwonyeshe mlango.

Kuanzia siku hiyo alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani. Hakutaka lori wala mzigo, hakuota kumwona bwana hai, maana alishajua. Alitaka kujua amelala wapi, amtoe, amzike Butembo penye watu wake. Na tangu siku hiyo ndipo alipoanza kunyamaza kwenye ile sala.

Kabla ya mwaka kwisha, Komanda alisikia kwamba Kimemi kuna mama mwenye bahari ndani ya nyumba. Alituma askari waichukue. Walikuja na lori lile lile. Nilisimama uani nikatamani niwe na bunduki, nasema wazi. Jirani hakupiga kelele. Aliwaeleza jinsi ya kubeba, maji yapunguzwe, mnyama asionje jua, maji yakishuka waongeze ya mvua. Hawakumsikiliza, walikuwa wanawacheka samaki.

Kule Beni walifanya walivyofikiri. Bahari ni chumvi, kila mtu anajua, kwa hiyo kila maji yaliposhuka walikoroga chumvi ya jikoni kwenye ndoo na kujazia. Samaki wote wakaelea. Soksi ikajifumba haikufunguka tena. Komanda, aliyekwisha kuwaalika wageni waje kuona, akatuma jeep imlete jirani.

Nilimkuta anafunga kanga.

"Ni zawadi toka kwa Mungu," nikamwambia. "Nenda na sabuni ya unga. Tia kikombe moja, ikufe mbele ya wageni yake, inuke nyumba muzima."

Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto.

"Ikikufa," akasema, "miye nitaingia tena kwa Komanda na mulango gani?"

Ndipo nikaelewa. Kule Beni alimponya mnyama. Alitoa maji taratibu, akaingiza ya mvua taratibu, kichupa chake kikarudi kwenye mstari, na mikono ya zambarau ikatoka. Toka hapo alikwenda Beni kila wiki. Barabara ile, na tumbo lake lile. Alifika amekuwa wa kijivu, akaingia kwa mlango wa nyuma, akatua kitunga chake juu ya zege pale uani, ambapo groupe ya Komanda ilikuwa inanguruma, akanawa uso, akaketi hapo kidogo mpaka dunia iache kuzunguka. Kisha akaingia ndani.

Sebule ya Komanda ilikuwa na mapazia mazito wakati wote, kwa kuogopa risasi za dirishani, na hilo lilimfaa mnyama. Komanda mwenyewe alimpenda mnyama huyo. Sijui niseme nini zaidi, alimpenda. Mtu aliyeweza kumpoteza baba wa watu na kunywa chai, aliketi gizani na mwanzi mkononi, amebana pumzi, akingoja mkono mdogo upokee kipande cha samaki. Jirani alimfundisha mwenyewe. Alimfundisha kwamba mnyama akifumba asiguswe. Alimfundisha kungoja.

Siku moja Komanda alikuwa na moyo mzuri, akamuuliza jirani anataka zawadi gani.

"Bwana yangu," akasema. "Hata mifupa tu."

Komanda akasema kwa sauti yake ya chini kwamba bwana alikufa kwa ugonjwa, masikini, wakamzika kwa heshima nyuma ya depo ya kahawa. Askari alimpeleka akamwonyesha mahali, palikuwa na msalaba wa fito mbili. Wiki iliyofuata tulikwenda wengi, shemeji zake na majembe, mimi na shuka jeupe nililolishona kwa ajili ya mifupa. Walipiga majembe. Sisi ni watu wa kulima, hatuhitaji kuelezwa udongo. Chini ya kipimo cha jembe moja udongo ulikuwa mgumu kama haujaguswa tangu kuumbwa, na mizizi ya mkaratusi ilipita humo mizima mizima, hakuna hata mmoja uliowahi kukatwa. Walichimba mpaka kifuani. Hapakuwa na mtu pale, hapakuwahi kuwa na mtu.

Jirani alisema wafukie. Alichukua shuka langu akalikunja vizuri. Halafu, na hili ndilo lililonitoa roho, akaenda kwa Komanda kulisha yule mnyama, kwa kuwa ilikuwa siku yake ya kula.

Mtaa ulimgeuka. Walisema amekuwa mpishi wa muuaji. Mimi nilimkabili kwenye ua wa mianzi, nikamwambia kama hana uchungu wa bwana yake aniachie mimi huo uchungu, nitautumia. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Alichambua mpaka mwisho kabla ya kunijibu.

"Ule mutu alinifanya nichimbe fasi haina kitu," akasema. "Ninajua sasa namna inaumiza. Mbele sikujua."

Nikarudi kwenye cherehani nimefura.

Kisha wakubwa wakagombana wenyewe kwa wenyewe, kama kawaida yao, na ikajulikana kwamba Komanda anakimbilia Uganda. Jeep ilikuja asubuhi. Alitaka jirani amfungie mnyama kwa safari. Jirani akanipitia.

"Twende," akasema. "Leo njo sitaki kuwa peke yangu."

Alikuwa na kitunga chake, na ndani yake termosi kubwa ya chai.

Nyumba ya Komanda ilikuwa inabebwa vipande vipande, magodoro, friji, milango. Kioo hakikuweza kusafiri, alisema jirani, mnyama atakwenda na mchanga wake kwenye ndoo yenye kifuniko. Akaomba sebule iwe tulivu, asiingie mtu, mnyama asishtuke. Mimi nilikaa mlangoni. Nilisikia maji, nikasikia kifuniko kinazungushwa. Alipoita, Komanda aliinama juu ya ndoo. Mchanga ulikuwa umelala sawa, maji juu yake masafi, na katikati mdomo wa mrija umejifumba.

"Imefunga," Komanda akasema, na sura ya wasiwasi.

"Imeshituka na makelele. Hata mwezi inaweza kufunga, na mbili. Usifungue mapazia kule. Hapana kugusa. Ngojea tu. Itafunguka."

Alimshukuru. Nakuapia, alimshika mikono yote miwili akamshukuru.

Njiani, kwenye kizuizi, askari mmoja aliona termosi akaomba chai. Jirani akasema imepoa, ni ya mgonjwa, ina dawa ndani. Alikuwa ametoka kutapika, sura yake ilitosha kuwa ushahidi. Wakatuacha.

Kufika nyumbani akaingia chumba cha nyuma. Beseni kubwa la kuogea lilikuwa limeshawekwa mchanga, na maji ya majerikani ya mwisho aliyoyaficha chini ya kitanda tangu bwana yake yupo. Akafungua termosi akaimimina humo. Kikatoka kitu cheupe, kirefu, uchi, kinajikunja kama mtu aliyevuliwa nguo hadharani. Ule mrija, alinieleza, ni nguo tu. Mnyama anaufuma mwenyewe kwa ute wake, na akitolewa anafuma mwingine.

"Na Komanda?" nikamuuliza.

"Amebeba nguo."

Nilicheka hadi nikaketi sakafuni. Yeye hakucheka. Alivua viatu akakaa kwenye kigoda akiangalia majini.

Mfanyabiashara mmoja aliyempitia Komanda kule Uganda alituletea habari. Alimkuta nyumba ya kupanga, mapazia yamefungwa mchana, ameketi mbele ya kioo kipya cha gharama, watoto wake wamekatazwa kupiga kelele. Ndani ya kioo hamkuwa na kitu, soksi tu mchangani. Ukiuliza, anasema itafunguka. Mtaa mzima ulizigawana habari hizo kama nyama ya sikukuu. Jirani aliuliza neno moja.

"Angali anangojea?"

"Angali."

"Bon," akasema, akaendelea kukuna nazi yake ya Mombasa, iliyokuwa ghali na ambayo hatukuzoea kuila, ila bwana yake alimfundisha kuipenda.

Miaka ilipita. Vita vikaitwa vimekwisha, wakubwa wakapewa vyeo vingine, na Komanda akarudi Beni kwenye nyumba yake ile ile, raia, mgonjwa wa sukari, ameokoka. Mchungaji wake alikuwa amemwambia azunguke kwa watu wote aliowakosea, mmoja mmoja, mpaka wamwambie wamemsamehe, vinginevyo wokovu wake una tundu. Basi alasiri moja wakaingia kwa jirani, yeye na fimbo na mchungaji na Biblia. Niliacha nguo kwenye cherehani, sindano imesimama kitambaani, nikaingia bila kualikwa.

Jirani hakuwakaribisha kiti. Aliwapeleka chumba cha nyuma. Ilichukua muda macho yetu kuzoea. Halafu tukaona beseni, na mle ndani mnyama alikuwa amefunguka kabisa, mkubwa kuliko zamani, mikono yote nje.

Komanda alishika ukuta.

"Nilichimbaka ule mchanga," akasema baadaye. "Nilikuta mrija iko mutupu. Nilisema iliozaka."

"Haikuoza. Haikukuwa mule."

"Miezi mingi, mama. Nilikuwa naamuka, naangalia."

"Najua. Weye ulingojea mnyama. Miye ningali nangojea bwana yangu. Iko wapi?"

Mchungaji alitaka kuanza maombi, nikamkanyaga mguu. Komanda aliangalia majini.

"Ku parcelle yangu, ku kiwanja ya nyumba," akasema. "Chini ya groupe. Tulimwanga béton, ile zege, ile siku."

Mimi ndiye niliyepiga ukelele. Jirani alisimama wima.

"Fasi nilikuwa naweka kitunga," akasema.

"Njo pale."

Kila wiki. Alipokuwa akifika na tumbo lililopinduka, akanawa uso na kuketi apumzike, alikuwa ameketi juu yake. Na ile mashine iliyokuwa inampa pumzi mnyama wa bwana yake ilinguruma juu ya kichwa cha bwana yake.

Alichukua jagi, akachota maji ya beseni, akayamimina toka juu, akachota tena. Kisha akaliweka jagi chini.

"Pasta," akasema, "umesikia na masikio yako. Kesho tunaenda."

Nilitaka tuite polisi, lakini polisi wa kule walikuwa askari wake wa zamani wenye sare mpya. Tulikwenda na nyundo. Safari hii mizizi ilikuwa imekatwa. Alimtambua kwa mshipi wenye kifungo cha shaba, aliomnunulia mwenyewe, na shuka langu jeupe likapata kazi yake hatimaye. Kurudi Butembo aliketi nyuma ya gari pamoja naye. Hakutapika.

Kwenye misa ya mazishi Komanda alikuja, akakaa benchi la mwisho. Alikuwa amesikia habari ya ile sala, nani hakuisikia. Tulipoianza aliinua kichwa. Sauti ya jirani ilitangulia kama siku zote, mkate wa kila siku, halafu kimya. Na mimi, niliyekuwa naitamka miaka yote hiyo bila kufikiri, nilinyamaza pamoja naye. Kimya cha watu wawili kinasikika zaidi.

Nje, Komanda alimfuata jirani kati ya makaburi, mkono mbele.

"Mama, nilikuonesha. Sasa unipe ile neno."

Jirani aliutazama ule mkono. Akamjibu kwa upole wake wa chumba cha nyuma, sauti aliyowapa wageni.

"Hapana kugusa. Ngojea tu. Itafunguka."

Jirani aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, akila vizuri na kulala vizuri, akafa bila kulisema lile neno. Mnyama yuko kwangu sasa, kwenye beseni lile lile, na kitenge kile kile dirishani. Mwaka jana Komanda aliletwa na gari, mguu mmoja umekatwa, macho yameingia ukungu. Alitaka kujua kama marehemu aliniachia neno lolote kwa ajili yake. Aliuliza kwa unyenyekevu, mbele ya dereva wake, mtu yule.

Nilimwingiza chumba cha nyuma. Nilimpa kigoda, nikamketisha mbele ya beseni, nikamwambia angoje. Kisha nikarudi barazani kwenye cherehani yangu, nilikuwa na sare za shule za kumaliza.